Binti yangu kipanga kamaliza la saba, fomu wani nimpeleke wapi? (Arusha)

MamaWatatu_Sanawari

Habari zenu wadau, naomba mnivumilie najua nitaandika ndefu. Niko Arusha hapa Sanawari, nauza mitumba Samunge, baba watoto ni dereva wa fuso. Binti yetu wa kwanza ana miaka 12, kamaliza la saba mwezi wa tisa shule ya serikali, Kayumba kabisa, darasani walikuwa 90 na kitu. Matokeo bado ila moko ya mwisho, ule mtihani wa kujipima, alipata 274 kwa 300, hisabati 49 kwa 50, kwa hiyo kufaulu sio shida yetu, shida ni anaenda wapi.

Sijisifii jamani ila huyu mtoto ananishinda. Juzi nimefungua robota la mitumba la laki nne na ishirini, akakaa pembeni anahesabu vipande kimya kimya, 260, akazipanga mafungu matatu akaniambia mama hizi 60 ukiuza 4,000 na hizi 90 ukiuza 2,000 hela ya robota imesharudi, hizo 110 zilizobaki hata ukimwaga chini kwa jero ni faida. Hakushika kalamu. Mimi na biashara yangu ya miaka 11 natumia kikokotoo cha simu.

Shuleni sasa. Tangu la nne mwalimu akishamaliza kufundisha anampa peni nyekundu asahihishe madaftari ya wenzake. Mwanzoni nilijivunia. Alafu mwaka huu nikaona kwenye jaribio kaacha swali moja tupu, na ni swali lile lile alilomfundisha mdogo wake jana yake kwa kutumia maharage, nikamuuliza kulikoni, akasema "nikipata zote wananiita jini". Hapo ndo nikaanza kukosa usingizi.

Tuna njia tatu. Ya kwanza kusubiri TAMISEMI, huenda akapangiwa shule ya vipaji maalum. Na hapa naomba niseme kinachoniuma, Ilboru ipo hapo juu, kutoka kwangu napanda kwa miguu, ila ni ya wavulana! Za wasichana ni Kilakala ipo Morogoro, Msalato ipo Dodoma, na Tabora Girls. Kaskazini huku watoto wa kike wenye akili hakuna? Ya pili kuna shule ya masista upande wa Moshi, alifanya intavyuu akawa wa pili wakampunguzia nusu, ada 3,400,000 sisi tulipe 1,700,000, ila wanataka laki tano ya kushikia nafasi ndani ya wiki mbili na hairudi. Ya tatu aende tu shule ya kata hapa mtaani alale nyumbani, hela tuweke kwenye tuisheni na vitabu, hii ndo anayoitaka baba yake, anasema mtoto wa miaka 12 haendi kulala ugenini.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

---

Kaka_wa_UsaRiver

Humu ndani kila mzazi mtoto wake kipanga, nilikuja na mate mdomoni nikutanie dada, ila hesabu ya robota imeninyamazisha 😂 Huyo msimpeleke shule, mleteni kwenye duka langu la spea.

---

NdooNyekundu

Dada mimi nimesoma moja kati ya hizo shule tatu za wasichana ulizotaja, sitasema ipi maana nitayasema na mabaya yake. Nilitoka Kayumba kama binti yako, Karatu huko.

Mimi tangu la kwanza mpaka la saba nilikuwa naongoza darasa. Mtihani wa kwanza fomu wani nikawa wa 64. Nililia chooni mpaka matroni akaja kugonga mlango. Nilijua nimekuwa kilaza ghafla. Ila nikikumbuka vizuri, wiki ile ile ndo nilikutana kwa mara ya kwanza maishani na mtu anayejibu kabla yangu, msichana wa Kigoma analala kitanda cha juu yangu, usiku taa zikizimwa tunabishana hesabu kwa kunong'ona. Hakuna aliyemwita mwenzie jini pale, labda wote tulikuwa majini. Hicho kitu hela hainunui na tuisheni haitoi.

Mabaya sasa. Maji yalikuwa shida, foleni ya ndoo saa kumi alfajiri, ndo maana ya jina langu humu. Chakula ni ugali maharage na huzoei, unanyamaza tu. Simu hakuna. Na kiingereza! Miezi minne ya kwanza nilikuwa nakariri maana ya "density" kama aya za dini, mwalimu akiuliza naitapika yote, ila ungeniuliza kwa Kiswahili inasema nini nisingejua. Wenzetu waliotoka inglishi midiamu walitupita kwa lugha, sio kwa akili, ikifika fomu tuu tumelingana.

Kingine, hizo shule huchagui, unachaguliwa. 274 ya moko sio 274 ya NECTA, wale Baraza la Mitihani. Usije ukaziba masikio kwa masista alafu jina lisitoke.

Na baba yake mwambie hivi, wazazi wangu walikuja kunitembelea mara moja tu kwa miaka minne, nauli haikuwepo, na bado nilikuwa najua wananipenda.

---

Ticha_Hesabu_AR

Salamu mama. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya kata huku Arusha, mwaka wa 14 huu, kwa hiyo nina upande wangu, nisome hivyo hivyo.

Kwanza achana na mabango. Shule zinabandika "division wani zote" kwenye ukuta na kwenye Hiace, usiulize wangapi walipata wani, uliza fomu wani waliingia wangapi na fomu foo wakafanya mtihani wangapi. Wakiingia 80 wakamaliza 52 jua kuna chekecheke hapo katikati. Na hayo majina makubwa tunayotajiana bado ni ya zamani, NECTA wameacha kutangaza kumi bora tangu matokeo ya kidato cha nne ya 2022, kwa hiyo watu wanaishi kwa sifa za miaka ya nyuma.

Pili, swali ambalo mzazi haulizi hata siku moja. Piga simu shuleni uulize, mtoto akimaliza zoezi kwa dakika kumi na wenzake wanahitaji arobaini, hizo thelathini anafanya nini? Msikilize anayejibu. Kwa ulivyoeleza huyo binti shida yake sio shule kuwa rahisi, shida ameshajifunza kujificha, na mtoto wa kike akianza kujificha akiwa na 12, akifika 15 kashaipata hiyo tabia moja kwa moja. Nimewaona. Nilikuwa nao wawili, mmoja alikuwa anakosea kwa makusudi swali la mwisho tu, kila pepa, mpaka nikagundua.

Kuhusu kata sitakudanganya. Ada hakuna tangu 2016 hilo wote tunalijua, analala kwao, anakula kwa mama yake, hayo sio madogo. Na kipanga anaweza kutoka kata, nina binti alikuwa fomu wani anamaliza mazoezi ya fomu tatu, nilimpa vitabu vyangu mwenyewe na jioni nusu saa yangu. Ila angalia, hiyo ilitegemea mtu mmoja, na mimi nikihamishwa kesho, basi. Na hiyo hela ya tuisheni baba anayosema, tuisheni nyingi ni kumrudishia mtoto alichosikia asubuhi, huyu atasinzia mara mbili kwa siku.

Halafu ukaulize pia shule ya St Jude hapo Moshono kabla hujatoa senti kwa mtu. Inafadhiliwa, ipo tangu 2002, na wana ya wasichana peke yao tangu 2020. Wanaangalia akili na hali ya nyumbani, wanakuja mpaka kwako kukagua, kwa hiyo usifiche televisheni wala usiazime umaskini. Fuso kama ni ya baba sema ni yake, kama ya tajiri sema ya tajiri.

Mwisho miezi hii mpaka Januari msiiache hivi hivi. Sio pri fomu wani ya kukremu, asome kiingereza cha kawaida, hadithi, gazeti, hata maelekezo ya dawa. Aliyosema NdooNyekundu kuhusu density ni kweli tupu, namuona kila Januari.

---

MzeeKisongo

Kuna anayejua ile shule ya kimataifa ya UWC huku Kisongo, wazee tunaiita bado ISM? Mjukuu wa rafiki yangu yupo MYP, ile programu ya mtaala wa kimataifa wa IB ya miaka 11 mpaka 16. Wanasoma kwa kufanya vitu, mwaka wa mwisho kila mtoto anachagua mradi wake mwenyewe anauhangaikia kwa miezi. Kwa mtoto wa aina hiyo ingekuwa kama samaki kutupwa ziwani.

---

Ticha_Hesabu_AR

Mzee shikamoo. Ni nzuri sijabisha, ila ada yake kwa mwaka mmoja unanunua Noah. Na hata akipata mfadhili, mama aulize ufadhili ni wa miaka mingapi, kwa sababu ule mfumo hauna pepa za NECTA. Mfadhili akichoka katikati mtoto hana mtihani wa fomu tuu, akitaka fomu foo inabidi aanzie QT, mtihani wa kupimwa kama anafaa kufanya wa fomu foo, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mpaka mwisho ukifika sawa, cheti cha IB unakipeleka NECTA kulinganishwa na chuo anaingia. Katikati ndo kuna shimo.

---

Kaka_wa_UsaRiver

Sasa mnamtisha mama wa watu. Mimi nasema lipa laki tano kwa masista, Moshi ni hapo tu, likizo anapanda Coaster anafika kabla ya chai. Serikali ikimpa nafasi nzuri laki tano imekufa, ndo bima yenyewe hiyo. Bima ya pikipiki mbona tunalipa na hatuangushi.

---

MamaWatatu_Sanawari

Jamani asanteni, nimesoma yote usiku, nikamsomea na baba yake sauti ya juu ile ya matroni kugonga mlango wa choo, akanyamaza muda mrefu alafu akasema "wa 64?" Akarudia tena.

Leo asubuhi nikapiga simu kwa masista kama ticha alivyosema. Niliweka spika, binti alikuwa anafua hapo nje mlangoni. Nikauliza swali la dakika thelathini. Sista mpole sana, akacheka akasema mama usihofu, watoto kama hao tunawatumia sana, wanatusaidia kusahihisha kazi za wenzao. Nilivyogeuka binti kasimama na sweta inachuruzika maji ananiangalia tu. Hakusema kitu na mimi sikusema. Laki tano sijatoa.

Kaka yangu wa Usa nimekuelewa kuhusu bima, hesabu yako nzuri, ila laki tano kwangu ni zaidi ya robota zima na matokeo yanatoka hivi karibuni, nitasubiri. Jumatatu naenda Moshono kuuliza. Visipotiki vyote anaenda kata na namtafuta ticha popote alipo nimpe nusu saa zake, mtanisamehe. Mdogo wake wa la nne naye anakuja, hao ndo kwa mfumo mpya wataishia la sita 2027 pamoja na wa la saba wa mwaka huo, sijui fomu wani 2028 itakuwaje, hiyo nitawasumbua siku nyingine.

Kwa sasa tumeanza maktaba ya mkoa, kaazima kitabu cha kiingereza cha nyota na sayari, neno asilolijua anaandika kwenye karatasi za maboksi ya mitumba, chumba kizima kimejaa karatasi. Jana kaniuliza Dodoma basi linapitia wapi, nikamwambia Babati na Kondoa, akachukua ramani ya daftari akapima kwa rula.

NdooNyekundu mdogo wangu, naomba kuuliza tu hata kama jina halijatoka. Kule mnabeba tranka la bati au begi?

---

NdooNyekundu

Tranka dada. Na kufuli mbili, moja unampa yeye moja unabaki nayo, ya kwanza ataipoteza kabla ya wiki kuisha.