Gari la mkopo au gari kuukuu la taslimu: dereva mpya aanze na lipi?

Nesi wa Zamu
Habari za jamvi, wakuu. Naombeni mnisaidie kupima jambo. Nina leseni ya miezi mitatu. Kazi yangu ni ya zamu, na zamu ya usiku inaisha alfajiri, wakati usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Akiba yangu ni kama theluthi ya bei ya gari ninalolitaka: dogo, la miaka sita hivi.

Njia ninazoziona ni tatu. Nitoe akiba yote ninunue gari kuukuu kwa taslimu nisidaiwe na mtu. Au niende benki, kianzio nitoe mimi, wao wamalizie kwa miaka mitano. Au nimfuate muuzaji mmoja anayekopesha mwenyewe. Huyu hataki hata kianzio, na riba yake kaniambia ni asilimia 10, wakati benki wanasema 14. Moyo unanivuta kwa muuzaji.

Nina mtoto wa miaka minne nitakayekuwa nampeleka shule, kwa hiyo suala la usalama siwezi kulichukulia juu juu.

Mhasibu Mstaafu
Binti, kabla moyo haujafika kwa muuzaji, kamuulize: hiyo asilimia 10 inapigwa kwenye deni lote la mwanzo au kwenye salio linalobaki kila mwezi? Riba ikionekana ndogo kuliko ya benki namna hiyo, mara nyingi inapigwa kwenye deni lote.

Tuchukue mkopo wa 1,000,000 ya fedha yoyote ile, kwa miaka 5. Riba ya 10 isiyopungua ni 100,000 kila mwaka, mara tano, yaani 500,000. Rejesho lako ni 25,000 kwa mwezi. Mwaka wa tano deni limebaki kidogo tu, lakini bado unalipia riba ya milioni nzima. Sasa hiyo 14 ya benki, kama inapigwa kwenye salio: rejesho ni kama 23,270 kwa mwezi, na riba yote hadi mwisho ni kama 396,000. Kumi imekuwa ghali kuliko kumi na nne. Ukiibadilisha hiyo 10 ya muuzaji iwe ya salio, inapita 17.

Halafu, kwa muuzaji utakopa bei nzima. Kwa benki utakopa theluthi mbili. Gari nalo linashuka thamani tangu siku ya kwanza. Asiyetoa kianzio anaweza kukaa miaka miwili mitatu akidaiwa zaidi ya bei ya gari lenyewe. Siku likigongwa au akitaka kuliuza, anabaki na deni la gari asilokuwa nalo.

Muda nao uupime. Milioni ile ile kwa 14 ya salio, ukilipa miaka 3, rejesho linapanda hadi kama 34,180 lakini riba yote inashuka hadi kama 230,000. Miaka 4 iko katikati, riba kama 312,000. Mimi ningeanza na mitatu, nikishindwa niende minne. Rejesho lisilobebeka hata kwa minne linakuambia gari hilo bado si lako.

Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Nimeirudia hesabu yako kwenye simu mara mbili. Asante sana. Nimempigia muuzaji sasa hivi: ni deni lote la mwanzo, kama ulivyosema. Kuna ada ya kushughulikia mkopo pia, ambayo hakuwa ameitaja.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba. Sasa andika maswali haya umpelekee kila anayekukopesha: nikimaliza nitakuwa nimelipa jumla kiasi gani, na ada zote na bima zikiwemo? Nikilipa mapema kuna faini? Nikichelewa mwezi mmoja inakuwaje? Riba inaweza kupanda katikati? Majibu uyapate kwa maandishi.

Asiye na Deni
Mimi niko upande wa taslimu na sitahama. Dada, gari la mkopo hulimiliki, unalitunza kwa niaba ya benki. Ukiugua miezi mitatu, linachukuliwa. Isitoshe, mkopeshaji atakulazimisha ukate bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, kila mwaka mpaka deni liishe, wakati kwa gari la taslimu bima unachagua mwenyewe kadiri ya uwezo, mradi usishuke chini ya ile ya lazima. Nimeendesha magari matatu, yote ya taslimu, yote kuukuu, na sijawahi kukosa usingizi kwa sababu ya tarehe ya mwisho wa mwezi.

Ila hilo la kutoa akiba YOTE nalipinga. Gari kuukuu utakalonunua leo litataka matairi, betri na sevisi ndani ya miezi ya kwanza. Nunua kwa robo tatu ya akiba, robo ibaki kwa ajili ya gereji.

Fundi Breki
Hapo kwenye robo ya gereji kaka kasema kweli tupu. Wengi wanaoniletea gari walilolinunua juzi wamebaki mikono mitupu. Ninawaambia pedi za breki zimekwisha, wananiomba niziache hizo hizo mpaka mwezi ujao. Breki haisubiri mwezi ujao.

Ukuukuu peke yake haunitishi. Ninachouliza ni lina nini ndani. Gari la zamani sana halina mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, ule unaokamata breki ya tairi moja moja gari likianza kupotea kwenye kona. Marekani waliulazimisha kwa magari yote madogo mapya kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia 2014, kwa sababu tafiti ziliona unapunguza kwa takribani nusu ajali za vifo zinazohusu gari moja peke yake. Kwa dereva wa miezi mitatu, hicho ni kitu ningekilipia.

Kukitambua si kazi. Washa swichi bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Inatakiwa iwake taa yenye picha ya gari na mistari miwili iliyojipinda nyuma yake, halafu izime injini ikiwaka. Taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu) na ya mifuko ya hewa vivyo hivyo: ziwake, kisha zizime. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayobaki inawaka, maana kuna wauzaji wanaong'oa balbu ili usione hitilafu.

Matairi: usitazame meno tu. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na mpira wake umekauka kama kuni. Nchi nyingi zinataka kina cha meno kisipungue milimita 1.6, lakini kwenye mvua mimi hiyo milimita 1.6 siipendi, maji yanakosa pa kupita.

Dereva wa Masafa
Nimesoma hapo kwa Fundi nikaona niseme, maana yamenipata.

Nilichukua gari la mkopo wa miaka sita. Rejesho lilikuwa linakaribia theluthi ya mshahara. Kwenye karatasi ilitosha, maana nilihesabu rejesho na mafuta basi. Bima ya mwaka wa pili ikanikuta sina kitu, nikakopa kwa rafiki. Matairi yakaanza kuwa vipara. Nikasema mwezi ujao, mwezi ujao, na rejesho lilikuwa halisemi mwezi ujao. Miezi minane nikaendesha hivyo.

Siku moja mvua imeanza tu, ile ya mwanzo inayochanganyika na vumbi na mafuta barabarani. Mbele yangu basi dogo likasimama. Nilikanyaga breki mapema, ninaapa, lakini gari halikusikia. Liliteleza kama liko kwenye sabuni, likaingia mtaroni. Mke wangu alivunjika mkono. Amepona, ila ule mkono hauinuki mpaka juu.

Barabara haikuwa na kosa, na mwendo wangu ulikuwa wa kawaida. Fedha ya matairi niliipeleka kwenye deni. Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama aweza kumudu mkopo wa gari, ninamuuliza matairi mapya manne yako wapi kwenye hesabu yake ya mwezi.

Nesi wa Zamu
Pole sana kaka, na umpe shemeji pole yangu. Umenifanya nifute hesabu yangu nianze upya. Nilikuwa nimeandika rejesho na mafuta. Basi.

Dawati la Mikopo
Ninafanya kazi upande wa pili wa meza, kwa hiyo niseme tunavyotazama. Tunatazama madeni yako yote kwa mwezi dhidi ya kipato, historia yako ya kulipa, na muda uliokaa kazini. Kwa hiyo miezi sita kabla ya kuomba: maliza mikopo midogo midogo ya simu, usichelewe bili, usiombe mikopo mahali pengi kwa mpigo, na uichukue taarifa yako ya mikopo uisome. Makosa yamo, na kuyasahihisha kunachukua muda.

Lakini elewa kwamba tukikubali, tumesema kwamba tunaamini utatulipa. Hatujasema utabakiwa na fedha ya breki. Kiwango cha juu tunachokupa si kipimo cha unachokimudu. Kuna kanuni inayotajwa sana, 20/4/10: kianzio kisipungue asilimia 20, mkopo usizidi miaka 4, gharama zote za gari zisizidi asilimia 10 ya kipato. Hiyo 10 ni ngumu, sitakudanganya, wateja wangu wengi hawaifikii. Ila neno "zote" ndilo la kushika.

Kama uko kwenye chama cha akiba na mikopo, kaulize huko pia kabla ya kwetu. Mara nyingine wana nafuu.

Mhasibu Mstaafu
Nimefurahi mwenzetu kasema hilo. Naongeza zoezi moja, nililowapa wanangu wote. Kuanzia mwezi huu jifanye gari unalo. Andika rejesho, bima kubwa gawanya kwa 12, sevisi na matairi gawanya kwa miezi yatakayodumu, mafuta, maegesho. Toa nauli unayolipa sasa. Kinachobaki, kiweke kwenye akaunti ya pembeni siku ile ile ya mshahara, kwa miezi sita. Usipokigusa, umeshajua unaweza, na kianzio kimekua. Ukikigusa mwezi wa tatu, umejua kabla benki haijajua.

Mwalimu wa Usukani
Mmeongea magari na riba, mimi nizungumzie zamu ya usiku, maana hilo ndilo lililonishtua kwenye swali.

Dada, mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anaendesha kama aliyekunywa hadi kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hilo limepimwa. Wewe ukitoka zamu umeshafika huko, na hakuna gari, liwe la mkopo au la taslimu, linalokuzuia kusinzia. Kabla ya kuwasha, lala dakika 15 au 20 kwenye kiti, milango imefungwa. Kahawa kunywa kabla ya kulala, maana inachukua kama nusu saa kufanya kazi. Siku ukiona kope zinagoma kabisa, liache gari kazini ulipe usafiri. Iweke hiyo nayo kwenye bajeti, iwe na jina lake.

Mwendo: ukiongeza mara mbili, umbali wa breki unakuwa mara nne. Kwa kilomita 90 kwa saa unakwenda mita 25 kila sekunde. Ukitazama ujumbe kwa sekunde tano umesafiri mita 125 umefumba macho. Simu iwe kwenye pochi, pochi iwe kiti cha nyuma. Na mkanda, hata wanaokaa nyuma, hata kwa safari ya kwenda dukani.

Miezi sita ya zoezi la Mzee usiiache ipite bure. Tafuta mtu mzoefu akae pembeni yako, uendeshe usiku, uendeshe mvuani, kwenye magari mengi. Leseni ya miezi mitatu bado ni changa.

Asiye na Deni
Mwalimu, hapo kwenye usingizi umenifunza. Bado niko upande wa taslimu, lakini kwa hoja ya Fundi kuhusu kuserereka, ninakubali kwamba akiba yake ya leo haiwezi kununua gari lenye kitu hicho. Asubiri basi. Asikope leo.

Nesi wa Zamu
Nimekaa na karatasi usiku mzima wa mapumziko yangu. Muuzaji nimemwacha. Gari kuukuu la sasa hivi nalo nimeliacha, maana lile nililoonyeshwa halina hata mifuko ya hewa upande wa abiria. Nitafanya miezi sita ya Mzee kuanzia mshahara huu. Hesabu mpya, ikiwa na matairi, bima na usafiri wa siku za uchovu, inakula asilimia 19 ya kipato changu kwa mkopo wa miaka mitatu. Ni nyingi. Kwa hiyo nimeshusha gari: modeli ndogo zaidi, ya miaka minane, ila yenye ule mfumo wa kuzuia kuserereka. Inashuka hadi 14. Kianzio mwezi wa sita kitakuwa kama nusu ya bei. Chama cha akiba kazini kwetu kipo, kesho ninaenda kuuliza.

Fundi, siku ya kulikagua ninaomba uje, nitakulipa.

Fundi Breki
Nitakuja. Tuliangalie likiwa baridi, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hatujafika.

Mwalimu wa Usukani
Na kiti cha mtoto umeshakinunua?

Nesi wa Zamu
Ninacho cha kuazima, nilikuwa ninapanga kukijaribu baada ya kununua.

Mwalimu wa Usukani
Kwanza hakikisha hakijawahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali, maana kinaweza kuwa na ufa usioonekana. Kikiwa salama, nenda nacho siku hiyo hiyo ya ukaguzi, ukifunge kiti cha nyuma, ukitikise. Kuna magari madogo ambayo mkanda wake haufiki.

Nesi wa Zamu
Sina hakika kimetoka wapi. Nitanunua kipya, nimekiandika kwenye bajeti ya mwezi wa pili.