Naomba ushauri: uzamivu wa Arusha au nafasi ya Sweden?

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nina shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira, na kwa miaka 3 nimeshughulika na vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, vinavyopunguza floraidi (madini ambayo yakizidi huharibu meno) katika maji ya visima vya Arumeru, ambako meno ya kahawia ya watoto humweleza mgeni kila kitu kabla hajapima maji. Nataka kusomea uzamivu ili nitafute namna nafuu ya kuuhuisha mkaa uliochoka, yaani usionasa tena floraidi, badala ya kuutupa.

Njia ya kwanza ni kubaki Arusha, katika Taasisi ya Nelson Mandela, jirani na visima vyenyewe, ila ada na vitendanishi (kemikali za maabara) nivitafutie ufadhili mwenyewe. Ya pili ni Sweden, ambako mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida huajiriwa na chuo na kulipwa mshahara kwa masomo ya miaka 4. Tatizo ni kwamba mada mara nyingi imeshapangwa na mradi, na nyingi nilizoziona ni za betri na hidrojeni. Nilimwandikia msimamizi mmoja wa huko barua ya kurasa 3, akanijibu kwa mstari mmoja kwamba nisubiri tangazo. (Nakiri nilijieleza kupita kiasi.)

Je, aliyesomea uzamivu nyumbani huzingatiwa sawa na wengine anapoomba ufadhili wa Umoja wa Ulaya uitwao Marie Skłodowska-Curie, wa utafiti baada ya uzamivu? Na barua ya kwanza kwa msimamizi ibebe nini hasa?