Dawa ya kutapika botini kwa mtoto wa miaka 4

Mama wa Kibirizi:
Habari zenu ndugu zangu. Ijumaa nakwenda Kagunga kumwona mama, nasafiri na mwanangu wa miaka 4. Boti inamtesa sana. Mwezi wa saba, tulipofika usawa wa Gombe Ziwa Tanganyika lilichafuka, akatapika mpaka yakabaki maji ya njano. Abiria mmoja akanipa Phenergan, dawa ya mzio na kutapika inayoleta usingizi, kidonge cha miligramu 25, nikampa nusu. Alilala mpaka usiku wa manane, namtikisa haamki vizuri, kila mara naweka mkono puani kuona kama anapumua. Sitaki kuupitia tena usiku ule. Nimpe nini, au nisimpe kitu kabisa?

Muuza dawa Ujiji:
Pole sana mama. Hapo kilichozidi ni kipimo. Nusu kidonge ni miligramu 12.5, wakati mtoto wa miaka 2 hadi 5, daktari akikubali apewe, kipimo chake cha safari ni miligramu 5. Nunua ya maji, ile yenye miligramu 5 katika mililita 5 (soma chupa, usikisie), upime kwa kipimo cha dukani. Vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe usiku wa kuamkia safari, maana akishaanza kutapika dawa inatoka nayo. Kama ana mafua na anatumia dawa yake, niambie kwanza, nyingi zina dawa ya jamii hiyohiyo na usingizi unazidi. Na wenye watoto chini ya miaka 2 msiwape kabisa, inaweza kuwakatisha pumzi. Sinarizini, dawa nyingine ya kutapika safarini, inaanzia miaka 5, wako bado.

Mchuuzi wa dagaa:
Dada, usikae naye mbele, huko ndiko boti inakopiga wimbi. Kaa katikati, mbali na moshi wa injini. Mwonyeshe milima ya Kongo, asiinamie chini. Sikio linasikia mtikisiko, jicho likitazama sakafu linaona kumetulia, tumbo ndipo linapochafuka. Asubuhi uji mwepesi unamtosha.

Mama wa Kibirizi:
Nimerudi kuwashukuru. Nilimpa mililita 5 Alhamisi usiku, Ijumaa akaamka mchangamfu. Alitapika mara moja tu karibu na Mwamgongo, akaomba maji, akaendelea kuhesabu mitumbwi. Bibi yake amempokea anatembea mwenyewe.