Jalada la kesi ya shamba halionekani masijala: rufaa ya baba itakuwaje?

Swali
Ndugu wanasheria, naomba mwongozo. Baba yangu alishindwa kesi ya shamba Mahakama Kuu, na ndani ya siku 30 aliwasilisha taarifa ya rufaa pamoja na barua ya kuomba nakala za mwenendo, hukumu na dikrii (hati ya amri itokanayo na hukumu). Tangu hapo tunaambiwa jalada halionekani. Mkataba halisi wa mauziano, wenye dole gumba la muuzaji, ulipokelewa kama kielelezo, kwa hiyo nao umo humo. Je, tufungue kesi upya?

Wakili, Dodoma
Poleni sana. Msifungue kesi mpya, kwa kuwa hukumu inasimama hata kama karatasi hazionekani. Lindeni muda kwanza. Kanuni ya 90 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 inatoa siku 60 za kufungua rufaa yenyewe, tangu taarifa ya rufaa iwasilishwe, ila Msajili aweza kutoa cheti kinachoondoa siku zilizotumika kuandaa nakala, iwapo barua iliandikwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi na mpinzani akapelekewa nakala yake. Kisha mwandikieni Naibu Msajili athibitishe kwa maandishi kwamba jalada limetafutwa likakosekana, na awaite wadaawa wote, yaani pande za kesi, waje na nakala zao ili liundwe upya. Hati za madai hupatikana, maana kila upande unazo. Kazi ngumu ni maneno ya mashahidi, ambayo mara nyingi yameandikwa kwa mkono wa jaji peke yake. Kumbukumbu za mawakili husaidia, lakini pande zisipokubaliana, Mahakama ya Rufani yaweza kuamuru shauri lisikilizwe upya. Kuhusu mkataba, Sheria ya Ushahidi inaruhusu nakala pale hati halisi ilipopotea.

Karani mstaafu
Kabla ya kukubali kwamba limepotea, ombeni daftari la kutoa majalada liangaliwe nani alisaini mwisho. Niliwahi kulikuta jalada lililotafutwa kwa miezi saba likiwa limefungwa kamba moja na jingine, kwa sababu wadai wa mashauri yote mawili walikuwa na jina moja. Ulizeni pia kwa mpiga chapa, na kama jaji amehamishwa.

Msomaji, Mombasa
Huku Kenya tunapeleka ombi la kuunda upya faili, likiambatana na hati ya kiapo inayoeleza faili ilionekana mwisho lini na mbele ya nani. Kiapo cha namna hiyo kitawafaa hata ninyi.

Mwuliza swali
Nawashukuru wazee wangu. Barua ya kuomba nakala tumeipata, muhuri wa mahakama upo, ila hakuna saini ya mpinzani kuonyesha alipelekewa nakala yake.

Wakili, Dodoma
Basi msitegemee cheti. Siku 60 zikiwa zimekwisha, ombeni kuongezewa muda chini ya Kanuni ya 10, na kiapo cha baba kieleze kila siku iliyopita, pamoja na tarehe zote mlizokwenda masijala mkarudishwa.