Naomba ushauri: kampeni ya gemu langu la mkakati watu wanaicheza mara moja, kisha basi

MtunziRamani

Habari zenu wakuu. Mwaka wa pili sasa natengeneza gemu la mkakati la kucheza kwa zamu, peke yangu, usiku baada ya kazi. Kampeni ina misheni 14, kila moja dakika 40 hivi, na hadithi inanyooka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Nimewapa watu tisa wajaribu. Sita wamemaliza na wameipenda kwa dhati, mmoja alinipigia simu usiku kunieleza alivyoikomboa ngome ya mwisho. Nilipowauliza kama watarudia, wote sita walinijibu namna moja: "Nimeshaimaliza, nirudie nini?"

Hawa si watu wa kukesha na gemu. Wanacheza nusu saa kabla ya kulala, hawasomi miongozo, hawapigi hesabu za asilimia za shabaha. Ndio ninaowatengenezea, wala sitaki kuwaacha. Nimewaza mambo matatu: kuongeza viwango vya ugumu, kuongeza misheni kumi, au kuigawa hadithi iwe na njia mbili. Kila moja ni miezi ya kazi. Nianze na lipi?

KikosiChaTano

Anza na ugumu mkuu, ndio kazi nafuu kuliko zote. Ila usifanye ule uvivu wa kuchukua maadui walewale ukawaongezea damu. Tazama gemu la karata la Slay the Spire: baada ya ushindi wa kwanza unafunguliwa ngazi 20 za ugumu, na kila ngazi inaongeza sharti moja tu juu ya yale ya nyuma. Mchezaji anaona kabisa ni nini kimebadilika.

ZamuYako

Namheshimu kaka hapo juu, lakini huo ni ushauri wa kutufaa sisi tunaopenda kujipima. Wachezaji wake hawakusema kampeni ni rahisi. Wamesema wameshaimaliza.

Mdogo wangu wa kike amecheza Fire Emblem Awakening mara tatu, na zote kwa ile namna ambayo askari akianguka anarudi vita inayofuata. Ugumu hajaugusa. Alirudi kwa sababu katika gemu lile wahusika wanaoana, na watoto wao wanakuja kupigana wakiwa wamerithi uwezo wa wazazi. Ukibadilisha ndoa, unapata jeshi jingine. Kila alipomaliza alikuwa tayari na orodha ya watu anaotaka kuwaoanisha safari ijayo.

JichoLaRamani

Tupige hesabu kwanza. Misheni 14 kwa dakika 40 ni zaidi ya saa tisa. Kwa mtu wa nusu saa kila usiku hizo ni takriban siku 19. Hata angekuwa ameipenda vipi, unamwomba wiki tatu nyingine kwenye barabara ileile, milima ileile, na anajua nani atamsaliti kwenye misheni ya tisa.

Gemu la zamu la Into the Breach, la 2018, lilinifundisha jambo hili. Uwanja wake ni miraba 8 kwa 8 tu. Kuna visiwa vinne, lakini ukishavilinda viwili unaruhusiwa kwenda kwenye pambano la mwisho, au uendelee hadi cha tatu au cha nne. Pambano hilo linajipima kulingana na visiwa ulivyopitia. Mwenye jioni moja anapata mwanzo, katikati na mwisho wake halali, haambiwi kwamba amecheza nusu. Halafu rubani mmoja wa mashine zako za vita unaweza kumvusha kwenda kwenye jaribio linalofuata akiwa na ujuzi wake. Mtu anaanza upya, lakini haanzi mikono mitupu.

Kwa hiyo kabla hujaandika misheni hata moja mpya, angalia ulizo nazo. Ya kwanza na ya mwisho ziache zilipo. Zile 12 za katikati zifanye kama karata: kila kampeni mchezaji anapitia nne au tano, na kila hatua anachagua kati ya mbili zilizo mezani. Akimaliza ana misheni saba au nane ambazo hajawahi kuzicheza. Umepata marudio bila kuchora ramani mpya, na kampeni imeshuka hadi saa nne na ushee.

Sina_Haraka

Swali kwa mwenye uzi. Misheni za mafunzo ziko ngapi, na zinarukika?

MtunziRamani

JichoLaRamani, nimesoma mara mbili na nimenyamaza. Sikuwahi kuzihesabu siku zile.

Sina_Haraka, ni tatu za mwanzo. Hazirukiki, maana hadithi inaanzia humo.

Sina_Haraka

Hapo ndipo unapowapoteza dada au kaka, samahani sijui nikuite nani. Anayerudi anajua kumsogeza askari. Ukimpeleka saa mbili nzima afundishwe kusogeza askari, atafunga kabla hajafika kwenye lile jipya ulilomwandalia. Toa mafunzo nje ya kampeni, au ukiona ameshamaliza mara moja mfungulie mlango wa pembeni. Hili ni la wikendi moja na lina faida kuliko yote tuliyosema.

MtunziRamani

Niite dada. Ahsante, naliandika hilo namba moja.

Mchezaji_wa_Jioni

Naomba niseme kidogo, kwa sababu mimi ndiye mtu mnayemzungumzia. Kampeni niliyowahi kuirudia bila kusukumwa ni StarCraft II ile ya kwanza, Wings of Liberty ya 2010. Mle kuna utafiti wa maabara ambapo kila hatua unawekewa vitu viwili, ukichukua kimoja kingine kimeondoka mpaka mwisho wa kampeni. Kuna pahali pia unachagua kumsaidia mmoja kati ya wahusika wawili, Tosh au Nova, na askari utakaowapata wanategemea hapo. Nilimaliza nikiwa na deni la moyoni: kile nilichokiacha kingefanya nini? Deni hilo ndilo lililonirudisha.

Zingatia kwamba niliviona vyote viwili kabla ya kuchagua. Njia ya siri ambayo sikujua kama ipo isingenirudisha, maana sikuikosa.

Jingine dogo: naomba kufunga gemu katikati ya misheni na kulikuta palepale. Na nikipotea wiki nzima, mistari miwili ya kunikumbusha nilikuwa nafanya nini.

ZamuYako

Hiyo "deni la moyoni" ndiyo nilikuwa nalitafutia jina.

KikosiChaTano

Nakubali nilijibu kwa kujiangalia mwenyewe. Nirekebishe kwa kuongeza kitu kuhusu maadui. Gemu la XCOM 2 lilipotoa nyongeza yake ya War of the Chosen mwaka 2017, ilileta mahasimu watatu wenye majina, na kila kampeni wanakuja na nguvu na udhaifu tofauti. Unawafahamu sura na sauti, lakini mbinu iliyomshinda mmoja safari iliyopita huenda safari hii isimguse. Dada, kama una makamanda wa adui, hapo pana kazi ndogo yenye faida kubwa. Sharti lake ni kwamba udhaifu huo mchezaji aweze kuuona kabla ya vita. Bahati iamue hali ya uwanja kabla hajapanga. Ikija kuamua baada ya kupanga, mchezaji wa nusu saa ataona ameonewa, na usiku wake umeharibika.

MtunziRamani

Makamanda ninao wanne, na wote wako vilevile kila mara. Nitawashughulikia.

Sasa nimekwama kwenye hadithi. Nikizichanganya misheni kama karata, mtu anaweza kukutana na mjane wa nahodha kabla nahodha hajafa.

JichoLaRamani

Umeifunga hadithi kwenye namba ya misheni. Ifunge kwenye hali. Mazungumzo ya mjane yasubiri kitu kimoja: nahodha amekufa. Kama bado yuko hai, pale pale kijijini azungumze mwanamke anayemsubiri mumewe. Ni mistari sita, ramani ileile, na mchezaji wa mara ya pili atashtuka kuona kijiji kimoja kina majonzi mengine.

Usianze na kompyuta. Andika misheni kwenye vipande vya karatasi, nyuma ya kila kimoja andika kinahitaji nini na kinaacha nini. Vichanganye, vipange, usome kwa sauti. Panapogongana utapasikia.

MtunziRamani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Mafunzo sasa yanarukika. Misheni za katikati zinachaguliwa mbili mbili, kampeni ni misheni sita. Makaratasi yalinionyesha migongano mitano, minne nimeitatua, mmoja nimeiondoa misheni yenyewe. Niliipenda, lakini haikukubali kukaa popote isipokuwa pale pale pa zamani.

Nimewarudishia wale sita. Wanne wameianza upya, na wawili kati yao wako safari ya tatu. Yule wa simu ya usiku alinipigia tena, safari hii akiulizia bonde ambalo aliliona mezani akalipita.

Tatizo lililobaki ni kwamba wote wanachagua mashujaa walewale watatu wa mara ya kwanza. Niwafungie?

ZamuYako

Usiwafungie dada, wameshawapenda. Mwache mchezaji achague wawili anaowataka, wa tatu atokee kwenye misheni ya kwanza akiomba hifadhi, na awe tofauti kila kampeni. Mdogo wangu angempokea yeyote anayebisha hodi.

Mchezaji_wa_Jioni

Na huyo mgeni mpe jina na sababu ya kukimbia. Kisha niambie nalipata wapi hilo gemu.