Hatari ya akili mnemba iko wapi hasa?

Swali
Ndugu zangu, ninafundisha watu wazima matumizi ya kompyuta, na kila tunapofika kwenye akili mnemba darasa hugawanyika: wapo wanaoamini kwamba mashine hizi zitakuja kututawala, na wapo wanaozichukulia kama mwalimu asiyekosea. Naona pande zote mbili zinaikosa hatari iliyopo tayari. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza
Anzia kwenye utendaji kazi wake, kwa sababu upotofu mwingi huzaliwa hapo. Programu za mazungumzo kama ChatGPT hujifunza kutokana na maandishi mengi mno, kisha hukadiria neno linaloelekea kufuata, na jingine, na jingine, hivyo uongo wake na ukweli wake hutoka kwa ufasaha uleule. Mwaka 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT, ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote, ilhali zilikuwa na majina ya wadaawa na nukuu. Mmoja wao alikuwa ameiuliza ChatGPT kama kesi mojawapo ni ya kweli, nayo ikamthibitishia kwamba ni ya kweli. Hapo ndipo ningesimama kwa muda mrefu: shahidi aliulizwa kuhusu ushahidi wake mwenyewe, na jibu lake likakubaliwa.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe, ila mawakili wale walikuwa na uwezo wa kuhakiki. Linaloniuma zaidi ni uamuzi unaopitishwa juu ya mtu asiyejua hata kama mashine imehusika. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo uliowapangia wazazi wanaopokea ruzuku ya malezi ya watoto alama za shaka, na kutokuwa na uraia wa nchi hiyo kuliongeza shaka. Maelfu ya familia zilidaiwa kurudisha fedha ambazo nyingi hazikuwa na namna ya kuzilipa, na serikali ikajiuzulu Januari 2021. Hakukuwa na mashine iliyoasi. Kulikuwa na sheria kali na maofisa walioiamini alama kuliko mzazi aliyelalamika.

Jibu la tatu
Ongeza suala la data, yaani mifano ambayo mashine hujifunzia. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kibiashara inayobainisha jinsia kwa picha ya uso: kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Nitaanza na kisa cha mawakili, kisha kila mwanafunzi ataandika barua ya kupinga uamuzi uliotolewa na mfumo, akitaja ofisa anayepaswa kuijibu kwa jina la cheo chake.