Kristu Mfalme: tupeane uzoefu, ni wapi ulipouelewa ufalme wake?

Mpwani wa Chumbageni: Tumsifu Yesu Kristu. Katika matangazo ya Jumapili tumeambiwa tuanze maandalizi ya maandamano, nami nikawaza kwamba hapa Tanga tunamshangilia Mfalme kwa vigelegele na matarumbeta, ilhali Injili za siku hiyo hazina kasri hata moja: katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, mwaka A ni hukumu ya Mathayo 25, mwaka B Yesu anahojiwa na Pilato, na mwaka C yuko msalabani. Karibuni.

Mama Jumuiya: Milele, amina. Kwangu ni Mathayo 25. Nilipokuwa namuuguza mkwe wangu hospitalini, mgonjwa wa kitanda cha pili hakuwa na ndugu, na mkwe hakukubali kugusa uji mpaka nimmiminie yule kwanza.

Mlokole wa Makorora: Samahani wapendwa, sikukuu hii imeandikwa wapi? Aliianzisha Papa.

Katekista Mstaafu: Ni kweli, ndugu yangu. Papa Pius XI aliiweka mwezi Desemba 1925, wakati mataifa yaliyotoka katika Vita Kuu yalikuwa yakijiendesha kana kwamba hayana Bwana juu yake, na mageuzi ya kalenda ya 1969 yakaitoa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuifanya Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa. Sikukuu ni changa, lakini ufalme wenyewe umo katika Danieli 7, na Gabrieli alimwambia Mariamu kwamba hautakuwa na mwisho. Hata ninyi mnaimba "Mfalme wa wafalme", na hiyo ni Ufunuo 19.

Mlokole wa Makorora: Kuimba tunaimba, ila hatufungi barabara.

Mpwani wa Chumbageni: Na spika zenu za mkesha je?

Fundi wa Ngamiani: Acheni hayo, mmenikumbusha jambo. Ulikuwa mwaka C, maandamano yamekwisha na watu wanatawanyika, mara tukasikia "mwizi wa simu!" na kijana akaangushwa karibu na kibanda changu. Mtu mmoja alichukua tairi bovu kwangu bila kuniuliza, mwingine akaja na petroli katika chupa ya maji, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa bado wameshika matawi ya maandamano. Katekista wetu, mzee mwenye magoti mabovu, alipenya akiwa na kanzu yake nyeupe, akaketi juu ya lami ubavuni mwa kijana, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Haya, anzeni, tupo wawili." Petroli ilikwisha kumwagika na kulowesha upindo wa kanzu yake. Hakuna aliyewasha. Walikaa hivyo mpaka polisi walipofika, na asubuhi ile ile yeye ndiye aliyetufafanulia maneno ya mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, "nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako".

Mama Jumuiya: Mwili umenisisimka. Je, simu ilipatikana?

Fundi wa Ngamiani: Ilikuwa mfukoni mwake. Aliiba kweli.

Mkonge Mkavu: Kwa hiyo wezi walindwe? Mimi nimeibiwa pikipiki.

Katekista Mstaafu: Yule wa msalabani alikiri mwenyewe kwamba alistahili adhabu, na Yesu hakumbishia. Alimwahidi pepo, wala hakumshusha. Kijana naye alikwenda polisi.

Mkristo wa Muheza: Sisi Waanglikana tunakubaliana nanyi hapo.

Mpwani wa Chumbageni: Basi mwaka huu tusipite sokoni.

Mama Jumuiya: Tupite huko huko, ndiko waliko watu. Ila mbebe nailoni ya kufunikia Sakramenti, vuli haina adabu.

Mlokole wa Makorora: Na matarumbeta yapunguzwe.

Mkonge Mkavu: Nimesoma yote. Bado naitaka pikipiki yangu.